Mzee Anania Kagoma Kuniandika

Mimi Dorika nina mdomo. Nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na majirani, maana wao wataongeza chumvi. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mdomo wangu ulizaliwa siku mbili kabla yangu. Lakini pia nampenda Mungu, tena sana, na hayo mawili yamekaa nyumba moja kwa taabu tangu nilipopata akili.

Haya. Habari yenyewe ilianza Alhamisi, siku tatu kabla ya Jumapili ya kipaimara. Mwanangu wa kwanza, Rejoice, alikuwa amemaliza miaka miwili ya mafundisho. Katekisimu alikuwa anaisema hata akiosha vyombo. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa Njombe mjini, limetundikwa chumbani, na mimi kila nikipita naligusa. Jumapili ile angewekewa mikono na mchungaji, kisha angeshiriki Chakula cha Bwana kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nami mama yake nilikuwa na haja moja tu: kwenda mezani pa Bwana pamoja na mwanangu siku yake ya kwanza. Mwaka mzima nimelima viazi kwenye baridi yetu hii, vidole vimekufa ganzi, nikiliwaza jambo hilo.

Sasa, mtaa wetu wa kanisa una desturi. Wiki ya Chakula cha Bwana, mzee wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Hakuulizi umetoa nini wala umevuna magunia mangapi. Anakuuliza swali moja: una ugomvi na mtu? Kama huna, anakuandika. Kama unao, anafunga daftari, na Jumapili unabaki kwenye benchi ukiwatazama wenzako wakienda mezani, na kanisa zima linajua kwa nini. Nasikia mitaa mingine wameshaiacha desturi hii. Kwetu bado ipo, kwa sababu Mzee Anania bado yupo.

Mzee Anania ana miaka sabini na kitu, alisoma seminari ya Kidugala enzi zile walimu wakiogopwa, na koti lake la sufu ni lile lile tangu nimeolewa. Akaingia, nikamwamkia, nikamwekea chai na viazi vya kuchemsha. Akala kiazi kimoja taratibu, akafuta vidole, akafungua daftari.

"Mama Rejoice, una ugomvi na mtu?"

"Sina, mzee. Mimi na watu ni amani tupu."

Kutoka jikoni ikaja sauti ya Rejoice: "Na shangazi je?"

Watoto hawa! Unawapeleka mafundisho wajifunze kusema kweli, halafu wanaisema.

Mzee Anania akaweka kalamu chini. "Shangazi yupi?"

"Si huyo Esnath wa Makambako, dada yake Jofrey," nikasema. Jofrey ni mume wangu. "Lakini ule si ugomvi, mzee. Ule ni kutosemezana tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Sikukuu ya Mavuno."

"Mavuno ilikuwa Julai, mama. Huu ni Novemba."

"Siku zinakimbia, mzee."

Hakucheka. Ikabidi nimsimulie habari ya kabichi, ingawa alikuwepo na aliiona kwa macho yake.

Sikukuu ya Mavuno kila mtu huleta kanisani alichojaliwa shambani: mahindi, kuku, maparachichi, maziwa kwenye dumu. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani, na hapo ndipo raha ilipo, maana anayenunua ana ruhusa ya kumzawadia mtu mwingine amtakaye, kwa kumtaja jina mbele ya watu, na akina mama wanapiga vigelegele. Mwaka huu nilitoa kabichi moja. Usicheke. Kabichi ile ilikuwa kubwa mpaka nikaibeba mgongoni na khanga kama mtoto, na watu walinisimamisha njiani wakitaka kumwona mtoto.

Wifi yangu Esnath alikuwa amekuja kutoka Makambako. Ana mgahawa kule karibu na stendi, na mapishi yake yana sifa. Madereva wa malori wanaotoka Songea huvumilia njaa njia nzima ili wakale kwake. Basi akaipandishia bei kabichi yangu, akawashinda wote, akainyanyua juu kwa mikono miwili, akapaza sauti: "Namzawadia wifi yangu Dorika! Na safari hii aikaange, asiichemshe mpaka itubu!"

Jamani, kanisa lilicheka. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Mwinjilisti alikaa chini kwenye majani. Na mume wangu mwenyewe, mtu wa maneno matano kwa siku, nilimwona anageuka upande ili nisimwone meno.

"Sasa mzee," nikamwambia Mzee Anania, "hiyo si aibu? Mtu na sadaka yake?"

"Ni utani wa mawifi," akasema. "Lakini kama ulikuumiza, uliumia. Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimjibu tu."

"Ulimjibu nini?"

"Maneno mawili matatu. Chai imepoa, mzee, nikuongezee?"

Akanitazama. Kisha akafunga daftari, akaingiza kalamu mfuko wa ndani wa lile koti, akasimama.

"Sikuandiki, Mama Rejoice. Bwana wetu alishasema: ukikumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kapatane naye kwanza. Makambako si Ulaya."

"Mzee, nimeshamsamehe moyoni!"

"Mimi sikukuuliza kama umemsamehe," akasema, na akaondoka zake. Alibakiza viazi vinne kwenye sahani, nami nilivitupia kuku kwa hasira.

Nilikasirika, nisidanganye. Nilimkasirikia Mzee Anania, nikamkasirikia Rejoice, nikamkasirikia Jofrey kwa kuwa na dada. Jioni Jofrey aliporudi nilimweleza yote, kwa ishara na sauti za kila mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nenda." Maneno mawili. Ndugu msomaji, kuishi na mwanamume mwenye maneno machache ni sawa na kugombana na ukuta, wewe ndiye unayechoka.

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda shambani kupandishia viazi udongo. Jirani yangu Konsolata alikuwa kwake, ng'ambo ya mfereji. Konsolata ni Mkatoliki, mzaliwa wa Uwemba, kaolewa huku kwetu, na hakuna jambo linalompita.

"Kamwene, Mama Rejoice! Nasikia hujaandikwa!"

"Kamwene. Umesikia kwa nani?"

"Kwani siri? Poleni ninyi. Sisi tunaingia kwenye kiti cha maungamo, tunamnong'oneza padre, tunapewa malipizi, tumemaliza. Ninyi Walutheri mpaka mpande basi la Kosta!" Akacheka mpaka akaegemea jembe. Kisha, akiwa anainama kuendelea na kazi yake, akasema bila hata kunitazama, "Ila hata padre hakuondolei ambalo hujalitaja."

Sijui kama alijua alichokisema. Nadhani alikuwa anajisemea tu. Lakini mimi niliganda pale katikati ya tuta.

Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimelitaja. Kwa miezi minne nilikuwa nimewasimulia watu wote habari ya kabichi: sokoni, kisimani, kwenye kwaya ya akina mama, hata kwa mganga wa mifugo aliyekuja kutibu ndama. Wote walinipa pole. Na kila nilipoisimulia niliishia kwenye vicheko vya kanisa. Sikuwahi kusema kilichofuata, kwa sababu hakuna aliyekisikia isipokuwa Esnath.

Kilichofuata ni hiki. Alinikabidhi kabichi, anacheka, amenishika mkono, anangoja nimtanie na mimi, maana mawifi hutaniana. Nikamsogelea sikioni nikamwambia, polepole, huku natabasamu ili watu waone tabasamu: "Mimi angalau nina wa kuwapikia. Wewe huko Makambako unampikia nani?"

Esnath hakujaliwa mtoto. Mimba tatu, zote hazikufika. Na mtu wa kwanza kumpakata Rejoice wangu duniani, mimi bado nimelala hoi, alikuwa yeye.

Aliachia mkono wangu. Akapanda gari akarudi Makambako kabla ya chakula, na jioni ile ile nikambloki kwenye simu, eti mimi ndiye niliyeonewa. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulivunja mfupa wa mtu.

Niliomba pale pale shambani, nimesimama na jembe, na sala yangu ilianza vibaya. "Bwana, kabichi ile unaijua," nikasema. Kimya. "Bwana, na wewe uliwaona walivyocheka." Kimya. Nikajaribu kusema nitampigia simu. Nikajaribu kusema nitakwenda baada ya kipaimara, tukishatulia, hata kwenye Noeli. Mwishowe nilikaa chini kwenye udongo nikalia, kwa sababu nilijua kabisa ninachoambiwa, na sikukitaka. Wengine wanasema hawajui mapenzi ya Mungu ni yapi. Mimi shida yangu haijawahi kuwa kutojua.

"Haya," nikasema. "Nitakwenda kesho. Lakini ujue siendi kwa kupenda."

Nadhani Mungu amezoea.

Jumamosi saa moja asubuhi nilitoka nyumbani na ndoo ya viazi vizuri, vile vya kuchagua. Ukungu ulikuwa mzito mpaka bodaboda aliwasha taa. Njombe mjini nikapata Kosta, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu. Nilipanga nianze na salamu, niingie kwenye kabichi, nimwonyeshe kidogo kwamba na yeye alikosea, halafu ndipo nifike kwenye lile jingine kama muda utaruhusu. Ilikuwa hotuba nzuri.

Kufika kwenye mgahawa, Esnath hayupo. Nilimkuta binti anayemsaidia, Jane, peke yake, anakimbia huku na huku na sahani.

"Shikamoo mama. Karibu. Chai au supu?"

"Marahaba. Namtafuta Esnath. Mimi ni wifi yake wa Njombe."

Jane akaweka mkono mdomoni. "Mama wee! Amekufuata wewe! Ameondoka alfajiri, kasema anakwenda Njombe kumwomba wifi yake msamaha!"

Ungetegemea nifurahi. Nami naungama mbele yako: kitu cha kwanza kilichoingia moyoni mwangu kilikuwa hasira. Amenitangulia! Nimelia shambani, nimeamka na ukungu, nimebeba ndoo ya viazi, halafu yeye ndiye atakayefika kwangu kwanza, majirani wamwone, Konsolata amwone, waseme Esnath ndiye mwenye moyo!

Nikampigia Jofrey. "Baba Rejoice, dada yako yuko hapo?"

"Hayupo."

"Hajafika?"

"Kafika. Kaondoka."

"Kaenda wapi?"

"Anakufuata."

"Kwa nini hukumwambia asubiri, narudi?"

Akafikiri. "Hukusema unarudi."

Nikakata simu kabla sijatenda dhambi nyingine. Nikamwondoa Esnath kwenye bloki, nikapiga. Haikuita. Nikapiga tena. Jane akanichungulia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nadhani na yeye alikubloki." Na hapo, nisamehe, nilichukia kweli. Anawezaje kunibloki mimi?

Hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Lakini Jumamosi Makambako si siku ya kungoja ukiwa umekaa. Malori yalikuwa yamepanga mstari, wateja wanaingia, Jane anatokwa jasho. Nikavua koti, nikafunga aproni ya Esnath, nikaingia jikoni. Nikamenya viazi vyangu, nikageuza wali, na palikuwa na kabichi mbili zimeshakatwakatwa, nikazipika kama ninavyozipika siku zote.

Baada ya dakika kumi, mteja mmoja, dereva mwenye kifua kipana anayeitwa Obed, akaja mpaka mlango wa jikoni na sahani yake mkononi. Alikuwa na adabu sana. "Mama, samahani. Hii mboga imepatwa na nini?"

"Ni kabichi."

"Naona. Kwani imekosa nini?"

Nikachovya kijiko nikaonja. Nikaonja tena. Halafu nikajua, pale pale jikoni kwa wifi yangu, kwamba kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikiwalisha watu maji ya moto yenye majani. Alisema kweli! Alisema kweli mbele ya kanisa na kanisa lilicheka kwa sababu wote walikuwa wameshaila! Nikaanza kucheka mwenyewe, nikashindwa kujizuia, Jane akacheka kwa sababu nacheka, na Obed akasimama na sahani yake hajui kama atapewa nyingine.

Saa saba kasoro Esnath akaingia. Kilemba kimekaa upande, kikapu mkononi, anahema. Akaniona nimevaa aproni yake. Nikamwona. Ile hotuba yangu yote ikapotea, hata salamu sikuiona.

"Wifi," akasema, "nimetoka kwako kukuomba msamaha."

"Na mimi nimekuja kwako kukuomba msamaha."

"Mimi nimetangulia."

"Umetangulia wapi? Mimi nimekukuta hupo!"

"Si ndiyo maana hukunikuta! Nilikuwa kwako!"

"Nilitoka saa moja kamili!"

"Mimi saa kumi na moja na nusu!"

"Lakini niliamua jana!"

"Mimi niliamua Jumatano!"

Wateja walikuwa wameacha kula. Obed akagonga meza na kijiko. "Akina mama, kwa heshima zote. Mnagombania nini hasa?"

Ilikuwa aibu kulijibu swali lile.

Esnath akaketi kwenye kiti cha karibu, akacheka kidogo, akajipangusa uso na ncha ya khanga. "Mzee wetu wa kanisa kagoma kuniandika," akasema. "Kaja Jumatano, kaniuliza una ugomvi na mtu, nikasema sina. Kaniangalia weee, kaweka kalamu mfukoni."

"Na wako pia? Hawa wazee wanapigiana simu?"

"Wifi, nisikilize." Akanishika mkono mbele ya watu wote. "Nilikuaibisha kwenye mnada. Nilidhani natania, lakini ulikuwa umekuja na sadaka yako kwa furaha, umeibeba mgongoni, na mimi nikaifanya kichekesho. Nimekosa. Nisamehe."

Wateja wakapiga makofi. Mmoja akapiga hata mluzi. Jane analia na jagi la maji mkononi. Na hapo, ndugu yangu, mambo yangeweza kuisha. Aliyenikosea ameniomba radhi, nikijibu "nimekusamehe" tunakumbatiana, napanda Kosta, jioni Mzee Anania ananiandika, na kesho naenda mezani na mwanangu. Esnath mwenyewe hakulitaja lile jingine. Aliniachia mlango wazi nipite bila kulitaja. Hakuna mtu hapa duniani angejua.

Nikatamani sana kupita.

"Twende nyuma," nikamwambia.

Nyuma ya mgahawa kuna kibanda cha mkaa na karo la kuoshea vyombo. Tukasimama hapo. Sikuweza kumtazama, nikatazama masufuria.

"Nilikwambia mimi nina wa kuwapikia," nikasema. "Nikakwambia, wewe huko Makambako unampikia nani. Nilisema hivyo. Nilisema kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, na nilikuwa natabasamu. Sikuteleza, wifi. Nililitafuta neno litakaloumiza kuliko yote nikalipata. Halafu miezi minne nimewasimulia watu habari ya kabichi ili wanihurumie mimi."

Nilisikia malori barabarani. Nilipoinua macho, machozi yalikuwa yanamtoka na hayapangusi.

"Nilikuwa naogopa hutalisema," akasema. "Njia nzima kwenda kwako nilikuwa nasema, Bwana, mimi nitaomba radhi ya kabichi, lakini asipolitaja lile nitafanyaje? Nitampa mkono, nitakula kwake, lakini nitakuwa namwogopa mpaka kufa." Akavuta pumzi. "Liliniuma, Dorika. Nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo. Hata sasa linauma."

"Najua."

"Hujui. Lakini umelisema. Nimekusamehe."

Akanivuta. Tulilia pale kwenye kibanda cha mkaa mpaka nguo zetu zikawa nyeusi mabegani. Halafu akaninusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Wifi. Umepika kabichi yangu?"

"Nimeipika."

"Yesu wangu," akasema, na akakimbilia jikoni.

Aliniwekea kikaango mbele, akasema tazama. Kitunguu, mafuta kidogo, karoti, moto mkali, dakika nne, basi. Dakika nne! Obed alipewa sahani ya pili bure, akasema anatuombea tugombane kila mwezi.

Tulirudi Njombe pamoja jioni ile, tukateremkia kwa Mzee Anania kabla ya kwenda nyumbani. Tulimkuta uani anafunga mbuzi. Akatutazama sote wawili na mabega yetu ya mkaa.

"Mmepatana?"

"Tumepatana," tukasema.

"Yote?"

Esnath akasema, "Yote, mzee." Ndipo akatoa kalamu.

Jumapili kukapambazuka bila ukungu. Kanisa lilijaa mpaka vijana wakakaa madirishani. Hata Konsolata alikuja baada ya misa yake ya asubuhi, akasimama mlangoni, anasema kaja kuona gauni. Watoto ishirini na wawili walikaa mbele kwa mstari, Rejoice wa saba, shingo imenyooka.

Kwetu, mtoto anapopiga magoti kuwekewa mikono, mtu mmoja wa kwao husimama nyuma yake na kuweka mkono begani mwake. Ni mmoja tu, kwa maana nafasi mbele ya madhabahu ni finyu. Mchungaji humuuliza, "Mzazi wa mtoto huyu yupo?" naye hujibu, "Nipo." Hiyo ndiyo nafasi ya mama. Tangu Rejoice ana mwaka mmoja nilikuwa naijua sauti nitakayoitumia.

Mtoto wa tano akaitwa. Nikanyoosha gauni langu. Mtoto wa sita akaitwa. Nikamgeukia Esnath, amekaa pembeni yangu na leso yake mkononi.

"Nenda wewe," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwa Rejoice. Kasimame."

"Acha mchezo, wifi. Hiyo ni ya kwako."

"Ulimpakata kwanza. Nenda, wanamwita."

Jofrey akanitazama. Akashika mkono wangu hadharani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu harusi yetu. Esnath akasimama. Akatembea mpaka mbele kana kwamba sakafu itavunjika. Rejoice alikuwa ameshapiga magoti, akausikia mkono begani, akageuza kichwa ili anione mimi, akamwona shangazi yake. Akatabasamu kwa meno yote.

Mchungaji akainua macho, akaniona nimebaki kwenye benchi. Akasita.

"Mzazi wa mtoto huyu yupo?"

Esnath akageuka kunitafuta kwa macho. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Nipo," akasema. Kisha akasema tena kwa nguvu, mpaka wa mlangoni wakasikia: "Nipo, mchungaji."

Nami Dorika, niliyemzaa mtoto yule kwa uchungu wa siku nzima na usiku wake, nikasema "Amina" peke yangu kabla ya wakati wake, watu wakageuka, na sikujali. Halafu nikaondoka kwenye benchi nikaenda kupanga mstari wa kwenda mezani, nyuma ya wale wawili.